Ufeministi wa kuchekesha: mi namchukua Lucille Clifton

Ukigusia washairi wanawake wa Marekani wanaopigania haki za wanawake utaletewa Audre Lorde na Adrienne Rich fasta, na siwabishii hao, ni vichwa. Ila mi naona anayechoma kweli ni Lucille Clifton, manake yeye hapigi kelele, anakuchekesha kwanza halafu unashtuka umeshachomwa.

Huyu mama alikuwa mweusi wa jimbo la New York, kitabu chake cha kwanza Good Times kimetoka 1969 nyumbani kuna watoto sita, hata mmoja hajafika miaka kumi, sasa niambie anaandika saa ngapi? Mashairi yenyewe mafupi mafupi, herufi kubwa hana habari nazo.

Kuna moja anawaombea dua watoto wa kiume. Unaingia ukidhani ni baraka za mama, kumbe anawaombea tumbo la hedhi, tena liwakute mji wa ugenini na tamponi imebaki moja, siku ziwahi wiki nzima na wawe wamevaa sketi nyeupe, baadaye joto la kukoma hedhi, halafu mwisho kabisa wapelekwe kwa madaktari wa kina mama wenye kiburi kama chao wenyewe. Jamani! Hamna tusi hata moja humo, ila ukishawahi kukaa mbele ya daktari anayekujibu bila kukutazama utaelewa kwa nini nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Najua kuna jamaa watasema hayo mambo ya ndani sio ya kutungia mashairi. Mbona wanaume wametunga pombe na vita na mapaja ya wanawake miaka yote na hatukuwauliza? Clifton kasifia nyonga zake mwenyewe, kubwa, zinataka nafasi, hazijawahi kuwa mtumwa wa mtu, na zinamzungusha mwanaume kama pia. Hilo la utumwa usilipite haraka, anayesema ni kizazi cha watu walionunuliwa na kuuzwa.

Kitabu chake Blessing the Boats ndo kilimpa National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu ya Marekani, mwaka 2000 na wengi wanaanzia hapo. Ukiniuliza mimi tafuta Quilting cha 1991, hiyo dua ya watoto wa kiume imo, na lipo jingine anaongea na kizazi chake kinachotaka kutolewa kwa upasuaji, anakiongelesha kama shoga yake wa siku nyingi.