Desemba moja, siku mbili: Dar inakumbuka nini?

Juzi nipo kwa kinyozi hapa Magomeni, redio inasoma kile kipande cha siku kama ya leo, mtangazaji akasema siku kama ya leo mwaka 1969 Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hapa hapa Dar, Oysterbay, kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu. Jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akasema badilisheni stesheni bwana, kila siku vifo, mji huu hauna habari nyingine? Kinyozi akamwambia kaka mi nina miaka kumi Dar sijawahi kusikia hiyo habari, acha nisikie. Ubishi ukawaka, nilinyolewa nikamaliza nikabaki nimekaa pale karibu saa nzima, na toka siku ile nalizungusha kichwani.

Swali lenyewe ni hili: mji mkubwa kama Dar ukae unakumbuka tarehe zake, hadi zile ndogondogo za mitaani, au tuachane nazo tubaki na sikukuu za taifa tuchape kazi?

Nianze na yule jamaa kwa sababu hoja zake si za kupuuza. Kwanza hela. Mwaka 2015 Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, tarehe 9 Desemba watu wakashika mafagio, na zile shilingi bilioni 4 za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mimi barabara ile napita na sijawahi kuona mtu kwenye foleni ya pale akililia gwaride la mwaka 2015. Mwaka 2022 tena, Rais Samia akafuta sherehe, hela ikaenda kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Ukimwekea mtu mezani gwaride na bweni la mtoto asiyeona, atachagua bweni, na mimi nitachagua bweni.

Halafu kuna hili la vidonda. Mama aliyefukiwa mtoto wake na kifusi hahitaji redio imkumbushe tarehe, anaijua kuliko redio. Wengine wanataka ile siku ipite kimya, wafunge mlango, wasome dua yao basi. Hiyo naiheshimu.

Na hoja yake kubwa, ambayo hata pale kwa kinyozi ilinyamazisha watu, ni kwamba Dar ni mji wa kutafuta. Watu wamekuja kutafuta riziki, kumbukumbu zao ziko Songea, ziko Tarime, ziko Lushoto, akifa anasafirishwa akazikwe kwao. Mwaka 1957 mji huu ulikuwa na watu 128,742, sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728, sasa hao wote wa katikati hapo historia ya Mzizima, kijiji kilichozaa Dar, inawahusu nini? Mji wenyewe hata siku ya kuzaliwa hauna. Wa Nairobi wana 30 Mei 1899, reli ilipofika. Sisi tuna Sultani Majid wa Zanzibar na majumba yake ya miaka ya 1860, tuna Wajerumani waliohamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Ukiuliza birthday ya Dar watu watakutajia tarehe tano tofauti.

Sawa. Ila naona wanaotaka tarehe zikumbukwe wanaeleweka vibaya kabisa, wanaonekana ni watu wa kupenda matanga au watu wanaotaka sikukuu nyingine ya kulala. Wala hawajaomba gwaride. Wanachosema ni kidogo sana, na kwangu mimi ndicho kinachouma, nitakieleza kwa mwezi mmoja tu, Desemba 2011.

Tarehe 9 Desemba 2011, Ijumaa, tulitimiza miaka 50 ya Uhuru. Sote tunakumbuka, khanga za miaka 50, fulana za miaka 50, Uwanja wa Uhuru umefurika watu. Siku 11 baadaye, Jumanne ya tarehe 20, mvua ikaanza, ikanyesha haina haya. Mto Msimbazi ukapanda ukaingia Jangwani, Kigogo, Mchikichini, Magomeni Suna, watu wakapanda juu ya mabati na watoto, wakakaa huko wakisubiri kuokolewa. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mamia ya familia wakapelekwa Mabwepande wakaanzie maisha kwenye mahema. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema mvua ya namna ile haijaonekana Dar tangu 1954.

Hapo kwenye 1954 ndipo huwa nakwama. 1954 ni mwaka gani? Ukimuuliza mtoto wa shule atakwambia TANU, Saba Saba, tarehe 7 mwezi wa 7, kule Lumumba. Anaujua. Kumbe mwaka ule ule mji ulipata mvua ya kupigiwa mfano miaka 57, na katika mwaka huo huo tumebeba jambo moja tukaliacha lingine kabisa. Hakuna mtaa unaokumbuka, hakuna alama kwenye daraja, na mimi niliyekulia Magomeni sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema "mwaka 1954 maji yalifika hapa." Waliolijua bonde walikuwepo, walijua, wakafa nalo, na waliokuja baada yao wakaliona bonde kavu, zuri, lipo karibu na Kariakoo, kodi yake nafuu, wakajenga.

Ndio maana ile hoja ya mji wa kutafuta mimi naigeuza. Kijijini huhitaji redio ikusomee tarehe kwa sababu mzee yupo, atakwambia usijenge pale, mwaka fulani mto ulipita pale ukabeba mbuzi wa fulani. Dar huyo mzee hayupo. Mgeni anashuka na begi lake anakutana na dalali, na dalali hawezi kukwambia maji yalifika dirishani maana hela yake iko kwenye wewe kukubali chumba. Mzee wa mgeni atakuwa nani? Hakuna zaidi ya tarehe, isomwe kwa sauti kila mwaka, mgeni wa mwaka huu asikie, wa mwaka ujao asikie. Watu wakiwa wote wenyeji mnaweza kukaa kimya na bado mkajua. Mji wa wageni ukikaa kimya ndio umesahau.

Na si wapangaji peke yao. Ujenzi wa mwendokasi awamu ya kwanza ulianza Aprili 2012, miezi minne tu baada ya watu kufa, na karakana ya mabasi ikakaa wapi? Jangwani, bondeni mule mule. Najua mtu atasema mradi ulipangwa miaka mingi kabla, ni kweli ulipangwa kabla, ila miezi minne matope yalikuwa hayajakauka kwenye kuta. Mabasi yakaanza kubeba watu 10 Mei 2016, siku nzuri sana ile, nayo inastahili kukumbukwa, watu wa Kimara walifika Posta wakashangaa saa zao. Halafu mvua za 2018 zikazamisha karakana na mabasi yakiwa ndani. Kila masika barabara ya Jangwani ikifungwa unawaona watu wamejazana Magomeni Mapipa, kituo cha Fire wanakiona kule ng'ambo na hawawezi kufika. Leo linajengwa daraja la juu pale na kuna mradi mzima wa bonde la Msimbazi, mabilioni ya mkopo wa Benki ya Dunia, na karakana inatakiwa ihame. Nafurahi, lijengwe. Ila ukipiga hesabu ya kumbukumbu na hesabu ya mkopo utajua ipi ilikuwa rahisi.

Kuna na habari ya maghorofa, hii nitaisema haraka kwa sababu inaniumiza. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa, na kulikuwa na watoto waliokuwa wanacheza mpira jirani yake. Tarehe 16 Novemba 2024 Kariakoo, Jumamosi asubuhi, ghorofa likaanguka na wafanyabiashara ndani, siku kadhaa watu wanaongea na ndugu zao kwa simu kutokea chini ya kifusi. Ikaundwa kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Sasa sisemi kwamba tungeikumbuka Machi 29 basi Novemba 16 isingetokea, nondo na zege havisikilizi redio. Nachosema, miaka 11 katikati hapo ilipita Machi 29 kumi na moja, na kila moja ilikuwa nafasi ya bure ya mtu mwenye mamlaka kusimama na kusema mwaka huu tumekagua majengo haya, haya yamefaulu, haya hapana. Zikapita kama siku nyingine. Mbele yenu mimi mwenyewe nakiri, mwaka 2019 tarehe ile nilipita Indira Gandhi nikanunua mshikaki nikaondoka, sikukumbuka chochote.

Wenzetu Nairobi, mabomu ya balozi za Marekani ya 7 Agosti 1998 yaliua watu 213 kwao na 11 huku kwetu, muda ule ule wa asubuhi. Kwao ile sehemu imekuwa bustani katikati ya mji, majina yapo ukutani, kuli anaingia mchana anakaa kwenye nyasi anapumzika. Hakuna anayemlazimisha alie. Anakaa tu na majina yapo.

Kuna kitu kimoja lakini upande wa jamaa wako sahihi, na wanaotaka kumbukumbu inabidi wakikubali. Ukiikabidhi serikali tarehe, inaigeuza. Saba Saba yenyewe, uliza watoto leo, Saba Saba ni maonyesho ya biashara barabara ya Kilwa, ni kununua sufuria na kupanda bembea, TANU imebaki kwenye mtihani. Na mkiwaachia wakubwa wachague watachagua siku za wakubwa. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar waligoma, mgomo ukapanda na reli ukaenda hadi bara, watu wakawaza upya mshahara na utu wao miaka 14 kabla ya Uhuru, nani anasoma hiyo? Hata Kariakoo, jina tunalitamka kila siku kwa konda, limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, wale Carrier Corps waliobeba mizigo vichwani na maelfu wakafa njiani kwa maradhi na njaa, na sanamu pale Posta ni ya askari ameshika bunduki.

Ndio maana sitaki sikukuu. Wa kushika hizi tarehe wapo tayari, ni watu wenyewe. Mbagala ukisema siku ya mabomu, yale ya ghala la jeshi kulipuka, hakuna atakayekuuliza ipi, wanajua ni 29 Aprili 2009, Gongo la Mboto nao wana ya kwao, 16 Februari 2011. Shangazi yangu anahesabu wajukuu hivyo hivyo, huyu wa mafuriko, huyu wa mwaka daladala zilipotolewa Morogoro Road. Mashabiki wa Yanga na Simba hawahitaji wizara iwakumbushe klabu ilianza lini. Kalenda ipo midomoni, inakosa tu mahali pa kukaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwenye mkutano wa Desemba asome mistari mitatu, tarehe 20 mwaka 2011 hapa maji yalifika wapi, nani tulimpoteza kama ndugu zake wameridhia atajwe, na mtaro wetu ukoje sasa hivi. Dakika tano. Kopo moja la rangi nyekundu lipigwe mstari kwenye nguzo za umeme za bondeni, kimo cha maji na mwaka. Hiyo haizidi shilingi elfu thelathini na haimnyimi mtoto bweni.

Kuna nyumba moja upande wa Suna nilikuwa nakwenda sana zamani, rafiki yangu alipanga pale. Baada ya mafuriko ukuta wa nje ulibaki na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa kwa rula, ukisimama unakufika kifuani. Alihama. Mwaka jana nilipita, mwenye nyumba amepaka rangi ya maziwa nyumba nzima, imependeza, na mlangoni kulikuwa na dada anafua na mtoto mdogo anaanza kutembea ameshika ukuta ule ule. Nilisalimia, nikauliza wana muda gani hapo, akaniambia wamehamia mwezi wa tisa kutoka Singida, chumba wamepata bei nzuri. Nilisimama pale nisijue nianzeje. Mwisho nikamwonyesha na mkono wangu kwenye ukuta, nikamwambia dada, hapa.