Mlenda wa baharini wafika Nzuguni

Kwenye viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, muuzaji mmoja kutoka Unguja aliloweka mwani mkavu kwenye bakuli. Haukukawia kutuna na kuteleza. Mama mmoja wa Kigogo akachovya kidole, akacheka: "Mwanangu, si mlenda huu?"

Swali lake, la kuufananisha mwani na mboga yetu ya kuteleza, lilinishughulisha kuliko mabango yote ya "chakula cha kesho" yaliyotundikwa pale.

Wanaousifu mwani wana hoja. Hautaki shamba, mbolea wala maji ya kisima, na sisi tunaongoja msimu mmoja wa mvua kwa mwaka hatuwezi kulipuuza hilo. Ni vigingi na kamba tu, na baada ya wiki sita hivi unavunwa maji ya bahari yakipwa. Ukishakauka hauhitaji barafu. Gunia litafika Dodoma salama, jambo ambalo samaki mbichi halijui.

Ila muuzaji alipodai kuwa mwani unazuia goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, nilisita. Goita huletwa sana na upungufu wa madini joto, ni kweli. Lakini mwani mwekundu wa Zanzibar una madini hayo kidogo ukilinganisha na ule wa kahawia wanaokula Wajapani, na yakizidi yanaiumiza tezi ileile. Chumvi yenye madini joto ipo kila genge, kwa bei ya mtu wa kawaida. Sioni kwa nini tuikimbie.

Tena, wakulima wenyewe wanaula? "Kidogo tu, sisi tunauza," aliniambia yule muuzaji. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa ikiwa kavu, ikatolewe karajinani huko nje, ile inayoshikisha aiskrimu na dawa ya meno. Bei hupangwa mbali na ufuo. Hapa ndipo ninapokuwa upande wa muuzaji: unga, jemu na sabuni vikitengenezwa Unguja na kununuliwa bara, angalau mkulima ana mteja wa pili. Na anamhitaji, maana bahari imepata joto, na kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, inakufa kwenye maji ya kina kifupi.

Ama jongoo bahari, mnyama laini wa chini ya bahari, yeye simpigii debe kama chakula. Ana kazi yake ya maana: humeza mchanga wa chini na kuutoa ukiwa safi zaidi. Lakini soko la China lilimmaliza hadi Bara ikapiga marufuku kumvuna porini. Wafugwe, sawa, wauzwe huko wanakopendwa. Kwenye sahani ya Majengo hapa Dodoma sitarajii kumwona.

Yule mama aliuliza bei ya unga wa mwani, akaigeuza pakiti, akairudisha mezani. Nyumbani, alisema, ana mlenda mkavu aliouchuma wakati wa masika, haujafika hata nusu. Sabuni alichukua mbili.