Njia Ikilowa, Farasi Abaki Kambini

Wapanda farasi wa kusini mwa Wisconsin, jimbo la Marekani, hawana adui mkubwa kuliko kibao kinachosema njia zimefungwa kwa sababu ya maji. Mtu katoka Illinois alfajiri, gari linavuta trela, farasi wawili nyuma, marobota ya nyasi yamefungwa vizuri, halafu anafika anakuta njia haipitiki. Matusi yanayotoka hapo sitayaandika. Mimi niko upande wa kibao.

Nazungumzia Kettle Moraine, msitu wa jimbo ulio kusini-magharibi mwa Milwaukee. Vilima vyake viliachwa na barafu. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita ndimi mbili kubwa za barafu zilisukumana hapa, moja ikitokea upande wa Green Bay, nyingine upande wa Ziwa Michigan. Zilipoyeyuka, zikamwaga katikati yao mchanga, kokoto na mawe. Mapande ya barafu yaliyofukiwa humo nayo yakayeyuka baadaye, ardhi ikadidimia, ndiyo hayo mabonde ya mviringo unayoyaona kila mahali. Kwa aliye juu ya tandiko, historia yote hiyo maana yake ni kupanda na kushuka kutwa nzima, chini ya mialoni na misonobari. Sehemu nzuri sana. Jamaa zangu tuliokulia bara, ambako mbung'o hawakumpa farasi nafasi na punda ndiye tuliyemzoea, huniuliza kama kweli nalipa pesa ili nikalale porini na mnyama. Nalipa, tena kwa furaha.

Wanaopinga kibao husema: hapa ni kokoto tupu, maji yanapita. Juu ya matuta, sawa. Lakini juu ya kokoto kuna tabaka jembamba la udongo, na njia yote inategemea tabaka hilo. Farasi wa kawaida ana kilo 450 hadi 500. Ongeza tandiko, ongeza mtu, kisha fikiria uzito huo ukishuka juu ya kwato ambazo kila moja haizidi sana sahani ya kikombe cha chai. Kwenye mteremko uliolowa kwato inazama na kuteleza, inaacha shimo, shimo linashika maji. Farasi wa pili anakwepa tope, anapita pembeni. Wa tatu anapita pembeni zaidi. Kufikia Jumapili jioni njia ya farasi mmoja inatosha lori. Mvua inayofuata inakuta mfereji uko tayari, inashuka nao na kubeba udongo hadi bondeni. Yanabaki mawe na mizizi. Mwezi mmoja baadaye farasi anachechemea, na mwenye farasi analalamika kwamba jimbo halitunzi njia!

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu jua linadanganya. Juu udongo umeyeyuka, chini bado umeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda. Mtu anaona anga la buluu anaapa kwamba pamekauka. Ashuke akanyage kwa kisigino cha buti lake mwenyewe, ataona.

Kinachonishangaza ni kwamba watu haohao hawabishi kuhusu kuni. Kanuni ya misitu ya Wisconsin inataka kuni za kambini zitoke karibu au ziwe na cheti, kwa ajili ya yule mdudu wa kijani anayeua miti ya eshi. Aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na kufikia 2008 alikuwa ameshaonekana Wisconsin. Kanuni inafuatwa kwa sababu miti iliyokufa imesimama pale, kila mtu anaiona. Njia haifi kwa namna hiyo. Inapanuka kidogo, inachimbika kidogo, na kila mmoja wetu anaamini aliyeiharibu ni mwingine.

Halafu kuna hesabu ambayo wenzangu hawapendi kuisikia. Sisi ni wachache. Ice Age Trail, inayokatiza msitu huu, ni ya waendao kwa miguu. Waendesha baiskeli za milimani wana njia zao, nazo hufungwa zikilowa. Siku njia zetu zitakapokuwa makorongo, mkutanoni hakuna atakayeuliza zitengenezwe vipi. Watauliza farasi wanatafuta nini msituni. Vivyo hivyo kwa wanaofunga farasi kwenye shina la mti usiku kucha: mnyama anachoka, anaparapara mizizi, anabambua magome, na mti ukikauka kambi nzima inalaumiwa. Kamba ifungwe juu ya kichwa cha farasi, kati ya miti miwili, kwa mikanda mipana isiyokata gome. Si kazi ya kumshinda mtu.

Ila malalamiko moja nayaunga mkono. Farasi mmoja anakunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, anahitaji nyasi, trela linakula mafuta, na atokaye jimbo jingine lazima awe na cheti cha daktari wa mifugo pamoja na kipimo cha Coggins kinachoonyesha kwamba mnyama hana ule ugonjwa wa damu unaoenezwa na pange. Safari ya namna hiyo haipangwi asubuhi ileile. Basi utabiri ukionyesha mvua kubwa, uamuzi utangazwe jioni ya kuamkia safari, kabla mtu hajapakia. Na aliyelipia kambi akakuta njia zimefungwa arudishiwe pesa zake, au abadilishiwe tarehe bila makato. Watu hawatakuwa na sababu ya kuruka mnyororo unaofunga njia ili tu pesa yao isipotee. Atakayeuruka baada ya hapo, apigwe faini.