Mwenye Dhiki Apige Nambari Ipi?

Kwenye ukuta wa zahanati moja jijini Nairobi, kando ya dirisha la dawa, kuna karatasi iliyofunikwa kwa nailoni yenye kichwa "Ukilemewa, Piga Simu", na chini yake nambari saba. Nilizinakili nikiwa kwenye foleni, na kesho yake mchana nikazipiga zote, nikijieleza kwa maneno machache na kukata upesi ili nisimzibie njia mwenye haja. Tatu zilipokewa. Mbili zilinijibu kwa sauti ambayo kila Mkenya anaijua kwa moyo, kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Moja iliita mpaka ikakatika yenyewe, na ya saba ilipokewa na mama aliyesema, kwa upole wa mtu aliyezoea kuulizwa, kwamba hiyo ni simu yake binafsi na ofisi ninayoitafuta haijui.

Mtu akisikia habari kama hii husema haraka kwamba Kenya inahitaji nambari moja fupi ya taifa kwa ajili ya dhiki za akili, na hizi nyingine zifungwe. Hoja hiyo ina nguvu, tena nguvu yake inaonekana zaidi ukizitazama nambari fupi tulizo nazo tayari. Mtoto anapiga 116. Kijana ana 1190 ya LVCT Health. Mwenye shida ya pombe au dawa za kulevya ana 1192 ya NACADA, aliyedhulumiwa kijinsia ana 1195, na anayetaka msaada wa kisaikolojia ana 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Sasa mfikirie msichana wa miaka 19 anayepigwa na mpenzi wake, ambaye ameanza kunywa ili apate usingizi, na ambaye usiku huu anaona hakuna haja ya kuendelea kuishi. Kwa umri wake apige 1190, kwa kipigo 1195, kwa pombe 1192, kwa lile wazo la kufa 1199. Kila taasisi ilitafuta nambari inayolingana na kazi iliyokabidhiwa, na hakuna iliyokosea. Ila kwa jumla tumemfanya mwenye dhiki awe karani wa mapokezi ya shida zake mwenyewe, na hali nambari zenyewe zinapishana kwa tarakimu ya mwisho tu.

Kuna pia suala la salio. Nambari ya 1199 haitozi, wala ile ya kuzuia kujiua ya Emergency Medicine Kenya Foundation, 0800 723 253. Befrienders Kenya, ambao wamejitolea kusikiliza watu kwa miaka mingi, wanapatikana kwa 0722 178 177, ambayo ni nambari ya kawaida ya simu ya mkononi. Mtu asiye na shilingi kwenye simu, na ambaye bado anadaiwa mkopo wa salio wa Okoa Jahazi, hawezi kuipiga, na orodha za ukutani hazimwambii ni ipi inayolipiwa na ipi isiyolipiwa.

Wanaotaka nambari moja huitaja Marekani, ambako tangu Julai 2022 tarakimu tatu, 988, zilichukua nafasi ya nambari ndefu ya tarakimu kumi. Mfano huo ni mzuri, ingawa mara nyingi unasimuliwa nusu. Nyuma ya 988 kuna vituo zaidi ya 200 vilivyotapakaa majimboni, vingi vikiwa na majina na watu wake, na simu hugawanywa miongoni mwao. Kilichounganishwa ni mlango. Vyumba viliachwa kama vilivyokuwa.

Wanaotetea wingi wa laini wana hoja ambayo wanaotaka nambari moja huipita mbio, nayo ni hofu. Hadi tarehe 9 Januari 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, ambao wao wenyewe walikuwa wameiondoa kwao mwaka 1961. Siku hiyo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hukumu ni hukumu, lakini woga hauondoki mtaani kwa sababu umeondolewa mahakamani. Kwa mtu aliyekua akisikia kwamba aliyenusurika hupelekwa kituoni kabla ya kupelekwa wodini, nambari ya serikali ina harufu ya polisi, na laini ndogo ya kanisa, msikiti au chama cha kujitolea inaweza kuwa ndiyo pekee anayothubutu kuipiga. Ongeza hapo lugha: mzee wa Kilifi anayetaka kumlilia mtu kwa Kigiriama hatafarijika kwa Kiswahili cha kituo cha simu.

Katikati ya ubishi huu kuna ubishi mwingine, ambao mimi nauona mzito zaidi: nani apokee simu? Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha jijini London huduma ya simu kwa watu waliotaka kujiua, iliyokuja kuitwa Samaritans. Watu walipokuwa wengi, aliweka wasaidizi wa kujitolea wawapokee na kuwapa chai wakingoja zamu yao ya kumwona. Akagundua kwamba wengi, baada ya ile chai na mazungumzo, waliondoka wakiwa nafuu bila kuhitaji kumwona yeye, na mwaka 1954 akawaachia wasaidizi kazi ya kusikiliza. Hapa kwetu kundi la USP Kenya, la watu waliowahi kuishi na maradhi ya akili, limejenga vikundi vya kusaidiana kwa msingi unaofanana na huo: aliyepitia jambo hulijua kwa namna ambayo cheti hakiifundishi.

Wataalamu hujibu kwamba huruma ina mipaka. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayosimamia washauri na wanasaikolojia, na si kwa ajili ya kulinda ajira zao tu. Mpokeaji wa simu ya dharura hana budi kuuliza waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?", na swali hilo halimpandikizii mtu wazo, kama wengi wanavyodhani, bali mara nyingi humfungulia mlango wa kulisema. Kuliuliza bila kutetemeka, na kujua la kufanya jibu likiwa ndiyo, ni ufundi wa kufunzwa. Mwenzio wa kikundi huanza kwa kuuliza umeshindaje, na kwa jioni nyingi kabla mambo hayajaharibika, hilo ndilo swali linalotakiwa. Kwa hiyo siwaoni kama washindani. Kosa ni kuwachanganya kwenye karatasi moja bila maelezo, hata mtu aliye ukingoni usiku akapiga laini ya wenzake inayofungwa saa kumi na moja jioni, kisha akaamini kwamba hakuna anayejali.

Mimi naunga mkono mlango mmoja, usiotoza, kwa mitandao yote ya simu, lakini kwa sharti mbili. Laini ndogo zibaki hai nyuma yake, na anayepiga aambiwe mapema, kwa lugha nyepesi, ni wakati gani mpokeaji atalazimika kumwita mtu mwingine bila idhini yake na mtu huyo ni nani. Pasipo hilo la pili, nambari itakuwa fupi na bado haitapigwa. Gharama nayo isifichwe kwenye hotuba ya uzinduzi: kupata tarakimu ni rahisi kuliko kulipa zamu ya saa nane usiku, mwaka baada ya mwaka. Na pale hatari ilipo mbele ya macho, hakuna nambari inayochukua nafasi ya mtu wa kukaa na mgonjwa na kumfikisha hospitali iliyo karibu.

Niliporudi zahanati nilimuuliza sista ni nani mwenye kazi ya kuibadilisha ile karatasi. "Waliileta watu wa mradi," alisema, "na mradi uliisha." Akaniazima kalamu. Tulipiga mstari kwenye nambari tatu, na ile iliyoita bila kupokewa tukaiacha, pengine usiku hujibiwa.