Leleshwa Gani Hiyo Inayonata?

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaimwaga habari hii kwenye kundi la WhatsApp, tena akaitia chumvi hadi ikasemekana nilivua shati mbele ya wakwe, acheni niisimulie mwenyewe. Shati sikulivua. Halikuvulika.

Mnajua tulikuwa tunaenda Suswa kumposea yule ndugu yetu. Pancha ilitupata tukishaipita Mai Mahiu, na aliyezungusha jeki ni mimi, jua la Bonde la Ufa likiwa utosini. Nilikuwa na mafua, kwa hiyo sikusikia harufu yoyote, ila tuliporudi garini madirisha yalifunguliwa yote kwa pamoja bila mtu kuambiwa.

Sasa, aliyekulia upande ule anajua kwamba morani hujisugua majani ya leleshwa kwapani. Yananukia kafuri, wataalamu wenyewe huuita mti huo Tarchonanthus camphoratus. Nikawaambia wasimamishe gari, dukani hatuendi, duka liko porini. Nikaingia kichakani kwa madaha. Majani marefu membamba, kijani kibichi. Nikachuma konzi. Yalikuwa yananata vidoleni. Nikasema ehe, hayo ndiyo mafuta yenyewe! Nikasugua kulia, nikasugua kushoto, mengine nikayabana humo humo yaendelee na kazi. (Naomba msiniulize maswali hapa.)

Tukafika, tukapokelewa, tukakaa. Muda wote mikono yangu ilitulia mapajani, watu wakidhani nina adabu. Nyama ilipoletwa, wazee wakataka mgeni mmoja aombee chakula. Msambazaji wenu wa habari akanitaja mimi.

Nikasimama. Nikafumba macho. Nikainua mikono.

Wa kushoto ulipanda kidogo, ukakwama. Wa kulia ulipanda na shati. Nilisikia pindo likichomoka kwenye suruali, polepole, upande mmoja, kisha upepo wa Suswa ukanipiga kitovuni. Nikasema "Baba Mungu," nikavuta zaidi, na nywele za kwapa, ambazo zilishafunga ndoa na kitambaa kabla ya bwana harusi mwenyewe, zikang'oka. "Baba" ya pili ilitoka kwa sauti ambayo mama mmoja aliiitikia "Amina" kwa huruma. Na hapo ndipo jani moja lilipoponyoka ndani ya shati, likatua kwenye sinia la nyama, mbele ya mjomba wa bibi harusi.

Mjomba akaliokota. Likamganda kidole gumba. Akalibandua kwa mkono wa pili, likahamia huko. Akalirudisha. Hakuna aliyesema neno, maana maombi hayajafungwa na kikanuni sote tulikuwa tumefumba macho. Akalisogeza karibu na uso, akaligeuza, akanitazama, akalitazama tena.

"Kijana, hii si leleshwa. Hii ni olabai."

Sikumbuki nilivyofunga maombi. Nakumbuka mzee akinishika mkono, ule uliokuwa bado unafanya kazi, akanipeleka nyuma ya boma palipoota vichaka vyote viwili. Jani la leleshwa, ukiligeuza, tumbo lake ni jeupe kama limepakwa unga. La olabai linang'aa juu na chini kwa ule ulimbo, na maua yake ni ya njano. Leleshwa maua yake ni meupe ya maziwa, na ina mti dume na mti jike. Jike ndiye mwenye mbegu zilizovaa pamba. Wenye vitabu huiita olabai Psiadia punctulata, nayo na leleshwa ni ukoo mmoja, wa alizeti. Nilipojitetea kwa undugu huo, mzee akasema hata yeye ana ndugu, lakini si kila mmoja anamweka kwapani.

Hebu mniambie ukweli: ni nani kati yenu hugeuza jani kwanza?

Mafuta ya kupikia, wembe, basi. Shati sasa tunafutia jeki. Posa ilikubaliwa, nasikia, nilikuwa bafuni. Wazee waliongeza blanketi moja kwenye orodha ya mahari, na jina langu pembeni yake.

Na wewe uliyenitengenezea stika nikiwa nimeinua mkono, nimeiona. Angalau kifiche kitovu.