Alama zimeshuka: je, mtoto ameshuka?

Binti yangu alinipa karatasi ya matokeo ikiwa imekunjwa mara nne, kisha akasimama pembeni akinitazama usoni. Hisabati: 98. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata 104. Safu ya pili ndiyo iliyonishtua: nafasi yake miongoni mwa wenzake ilikuwa imeshuka kutoka 61 hadi 45. Nilikunja uso kabla sijasoma hata mstari mmoja wa maelezo, naye akauona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama karatasi ile ilistahili uso ule.

Wazazi tumegawanyika kuhusu mitihani sanifu, yaani ile ambayo watoto wote hupewa maswali ya aina moja, muda sawa, na majibu yao kusahihishwa kwa kanuni moja. Wapo wanaoichukua alama kama hukumu: imeshuka, basi mtoto amezembea, atafutiwe masomo ya ziada. Wapo wanaosema mtihani wa saa mbili hauwezi kumjua mtoto, na karatasi wanaisukumia kabatini. Nimewahi kuwa upande huu na upande ule. Kila mmoja una hoja nzito, lakini wote huruka hatua ya kwanza, ambayo ni kujua namba yenyewe inasema nini.

Tuanze na hiyo 61. Wengi wetu huisoma kama asilimia ya majibu sahihi, na sivyo. Hiyo ni pasentaili: ukiwapanga watoto 100 wa kundi la kulinganishwa, wangu aliwazidi 61. Mtoto anaweza kupata maswali 80 katika 100 na bado akawa kwenye pasentaili ya 40, kwa kuwa mtihani ulikuwa mwepesi na wengi walifanya vizuri zaidi yake. Tena ngazi hii haina vipandio vilivyo sawa. Katika kipimo kama cha binti yangu, ambacho wastani wake ni 100 na thuluthi mbili hivi ya watoto huangukia kati ya 85 na 115, kupanda kutoka pasentaili ya 50 hadi 60 kunahitaji alama nne tu. Kutoka 90 hadi 99 kunahitaji karibu 16. Katikati watoto wamesongamana, hivyo swali moja au mawili yanaweza kumpitisha mtoto mbele ya wenzake wengi, au kinyume chake.

Na hao wa kulinganishwa ni akina nani? Mwaka 1987 daktari mmoja wa Marekani, John Cannell, alionyesha kuwa karibu kila jimbo nchini humo lilikuwa likitangaza kwamba watoto wake wa shule za msingi wako juu ya wastani wa taifa. Haiwezekani wote wawe juu ya wastani wao wenyewe. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba watoto walikuwa wakilinganishwa na kundi lililopimwa miaka kadhaa nyuma, wakati walimu walikuwa wameshauzoea mtihani. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa mwanawe yuko juu ya wastani ana haki ya kuuliza: wastani wa nani, wa mwaka gani?

Lakini jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue ni kosa la kipimo. Neno hilo halina maana kwamba kuna mtu amekosea kusahihisha. Maana yake ni kwamba mtoto yule yule, akifanya leo na wiki ijayo mitihani miwili ya ugumu sawa, hatapata alama ile ile. Safari hii kalala vizuri, safari ile limekuja swali la mada aliyoisoma jana. Mtihani mzuri wa kipimo cha aina niliyoitaja huwa na kosa la kama alama tano kila upande. Basi 104 ya binti yangu isomwe hivi: kuna uwezekano wa thuluthi mbili hivi kwamba uwezo wake ulikuwa mahali fulani kati ya 99 na 109. Ukizigeuza namba hizo kuwa pasentaili, ni kuanzia 47 hadi 73. Ile 61 iliyoandikwa kwa wino mzito, kana kwamba imechongwa kwenye jiwe, ilikuwa katikati tu ya uwanja mpana.

Sasa linganisha 104 na 98. Tofauti ni alama sita. Ukipima mara mbili, makosa ya kila kipimo yanajumlishwa kwa namna yake, na tofauti ya alama sita au saba inaweza kutokea yenyewe tu, bila mtoto kupanda wala kushuka. Karatasi ilikuwa inaniambia "hatujui", nami nikasoma "ameporomoka". Ripoti nyingi huonyesha uwanja huo kwa kistari kifupi kando ya alama, au kwa namba mbili kwenye mabano. Mimi nilikipita kistari hicho bila kukiangalia.

Wanaozidharau alama watasema: si tuliwaambia? Hapana, wasifike huko haraka. Alama za darasani nazo zina upofu wake. Mwalimu anapompa mtoto alama ya muhula, ndani yake kuna kazi za nyumbani, utulivu, kunyoosha mkono, daftari safi. Mtoto mpole anayemaliza kazi kwa wakati anaweza kupita darasa hadi darasa bila mtu kugundua kwamba kusoma kwake ni kwa kukariri. Mtihani haumjui, haumpendi, haumchukii, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Alfred Binet na Theodore Simon walipotoa kipimo chao cha kwanza nchini Ufaransa mwaka 1905, walikuwa wakitafuta watoto wanaohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet mwenyewe alipinga vikali wazo kwamba akili ni kiasi kilichowekwa ambacho hakiongezeki. Kilichozaliwa kama tochi, wengine wakakigeuza kuwa muhuri.

Hata hoja kwamba mitihani huwapendelea watoto wa wenye nacho, ambayo ina ukweli mwingi, hainipeleki kwenye kuitupa. Mtoto aliyekua katikati ya vitabu anaingia chumba cha mtihani na mtaji ambao mwenzake hana. Mtihani haukuutengeneza mwanya huo, unauonyesha. Ukiificha karatasi, mwanya unabaki pale pale, ila sasa hakuna wa kuuona.

Lakini hatari ya kuzitegemea mno alama ni kubwa, na naiogopa zaidi. Mwanasayansi wa jamii Donald Campbell aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumika zaidi kufanya maamuzi mazito, ndivyo kinavyozidi kupotoshwa, na ndivyo kinavyozidi kuharibu kile kilichokusudiwa kupimwa. Shule ikihukumiwa kwa alama, miezi ya mwisho ya mwaka inakuwa ya kukaririsha mbinu za kuchagua A au C. Alama zinapanda, kusoma hakupandi. Na mzazi anayemlipia mtoto mafunzo ya kufaulu mtihani ule ule anaivunja tochi aliyokuwa akiihitaji. Kwa sababu hiyo, kumrudisha mtoto darasa au kumhamisha kundi kwa alama moja peke yake, bila kazi zake za darasani na neno la mwalimu, naliona ni kosa, hata alama ikiwa ya kweli.

Kwangu alama ina faida zaidi pale inapopingana na ninachokijua. Ikikubaliana nami, imenithibitishia tu. Ikinishangaza, mmoja wetu ana kitu ambacho hajakiona, na kuna njia moja ya kujua ni nani: kukaa na mtoto.

Nilikaa naye. Karatasi ilikuwa na kisehemu kilichosema "mafumbo ya hesabu: 2 kati ya 5". Mzazi angeona asilimia 40 na kushika kichwa, lakini maswali matano ni machache mno kujenga juu yake hoja yoyote. Niliichukua kama fununu. Nikamwandikia swali: shule ina wanafunzi 48 katika darasa moja, robo wamehama, waliobaki wamegawanywa makundi manne yaliyo sawa, kila kundi lina wanafunzi wangapi? Akaandika 12 mara moja, akaweka kalamu chini. Nikamwomba asome swali kwa sauti. Alisoma vizuri hadi "wamehama", kisha sauti ikakimbia, maneno ya mwisho akayameza. Robo ya 48 ni 12, na yeye alikuwa ameshafika hapo, basi kwake swali lilikuwa limeisha. Nilipofunika mstari wa kwanza kwa kiganja na kumwachia nusu ya pili peke yake, alinyamaza kidogo, akatoa 12 kwenye 48, akagawanya kwa nne, akaandika 9.

Hesabu alikuwa anazijua. Alichokuwa hafanyi ni kulimaliza swali. Mwalimu wake nilipomweleza alisema ameliona pia katika insha zake: mwanzo mzuri, mwisho wa haraka. Hakuna safu kwenye ile karatasi iliyokuwa na jina la tatizo hilo, na bila karatasi nisingelitafuta. Masomo ya ziada ya hisabati, ambayo nilikuwa nimeshaanza kuyaulizia, yangempa mafumbo mengine mia ya kuyaishia katikati.

Jioni ile aliniuliza kama 45 ni mbaya. Nikamwonyesha kile kistari kando ya 98, nikamwambia watu waliotengeneza mtihani wenyewe wanasema huenda yuko mahali fulani ndani yake, hawajui wapi hasa. Akakipima kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza kama na mwaka jana kilikuwepo. Tukaitafuta karatasi ya mwaka jana. Kilikuwepo, na tulipoziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza, vistari viwili vilifunikana kwa sehemu.