Kurudisha mabua ya mpunga jarubani: udongo unafaidika kweli?

Siku hizi mkulima wa mpunga anaambiwa usichome mabua, yafukie, udongo wako utakuwa na muundo mzuri. Nusu ya kwanza sina ubishi nayo, ukichoma naitrojeni karibu yote inapanda na moshi. Hiyo ya muundo ndo inauzwa kirahisi mno.

Kwenye shamba la mahindi hoja inaeleweka. Mabua yakioza, nyuzi za fangasi na ule utelezi wa bakteria vinagandisha chembe za udongo zinakuwa vidonge vidogo, katikati kunabaki matundu ya hewa na maji, mizizi inashuka bila shida. Sasa jaruba, lile shamba la mpunga lenye matuta ya kuzuia maji, je? Sisi wenyewe tunaingiza maji halafu tunavuruga na pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) au maksai mpaka iwe uji, yani tunavunja vile vidonge makusudi, na chini tunataka ugumu ili maji yasizame. Kwa hiyo ulichojenga msimu mzima kinasagwa asubuhi moja na mpunga wenyewe haulalamiki!

Kuna jaribio la IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, kule Los Baños, Ufilipino, linaendelea tangu 1963, mpunga mfululizo ndani ya maji, mabua yanatolewa nje, na bado mboji ya udongo haijaporomoka. Mizizi na visiki vinavyobaki vinachangia, na kwenye maji uozaji unaenda polepole. Wale wanaosema bila mabua udongo unakufa wanabeba habari za shamba kavu wanazileta jarubani.

Ila tusiruke upande wa pili kabisa. Jaruba likikauka ndo utaona tofauti, udongo mzito wa mfinyanzi uliopata mabua miaka kadhaa unakuwa mwepesi kidogo, jembe linaingia, na ukitaka kupanda zao la unyevu uliobaki, kama wanavyofanya Kanda ya Ziwa na dengu, mizizi inapata pa kupita. Kwa anayelima mpunga tu mwaka hadi mwaka faida hiyo ni ndogo, kwa anayebadilisha mazao ni kubwa.

Halafu muda, na hapa ndo wengi wanaumia. Ukifukia mabua mabichi leo ukajaza maji wiki ijayo ukapandikiza, vijidudu vinakula naitrojeni kabla ya mche, tindikali zinajikusanya kwa kukosa hewa, miche inakuwa njano, na methani, gesi inayoongeza joto duniani, inatoka kwa wingi. Hesabu za 2006 za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, zinasema mchango wa mabua kwenye methani yakifukiwa zaidi ya siku 30 kabla ya kupanda ni chini ya theluthi ya yale yaliyofukiwa karibu na kupanda. Sawa, fukia mapema, lakini Mbarali, kule Mbeya, baada ya mavuno udongo ni tofali, mvua haiji hadi Novemba au Desemba, maji ya mfereji yana zamu, na hapo katikati ng'ombe wameshapita na mchwa nao wamechukua chao. Kusema "fukia mapema" ni rahisi ukiwa ofisini.

Kwangu mimi sababu nzito ya kurudisha ni potasiamu kuliko muundo. Tani moja ya mabua ina kama kilo 12 hadi 17 za potasiamu, naitrojeni ni 5 hadi 8 tu, na mkulima wetu anaweka yurea, mbolea ya naitrojeni, msimu hadi msimu, potasiamu hagusi. Ukiuza mabua kwa mfugaji, kama wanavyofanya sana Mwea, Kenya, hela ni nzuri na ng'ombe anashiba, lakini samadi inaishia kwenye migomba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ningeacha visiki virefu, nikauza sehemu tu ya juu, mengine nikatawanya yalale juu mpaka mvua za kwanza ndo nilime. Na kama mnavuna kwa kombaini, ile mashine ya kuvuna na kupura, ulizeni kabla ya kulipa kama ina kile kifaa cha kukatakata mabua, maana isiyo nacho inayamwaga mstari mmoja mnene, pawatila inajifunga pale, na mwisho wa siku kiberiti kinatoka.